Matone Nyuma ya Pazia

Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, mwanamke mmoja alitia saini kwenye karatasi ya makabidhiano na kupokea funguo za stoo ya dawa ya hospitali. Tangu siku hiyo hajawahi kumwachia mtu mwingine funguo hizo, isipokuwa wiki aliyokwenda kumzika dada yake.

Jina lake halisi liko kwenye karatasi ile, na ni wachache wanaolitumia. Wodini anaitwa Mama Ukingoni, na hakasiriki akiitwa hivyo. Stoo yake ni chumba kirefu chenye dirisha moja la nyavu, feni inayozunguka kwa kujivuta, na kidirisha cha kutolea dawa ambacho kizingiti chake kimelainika kwa viwiko vya watu wanaosubiri. Rafu ni za chuma. Rafu ya chini kabisa, upande wa kushoto, ilikuwa na pazia la kitambaa cha maua alilolishona mwenyewe.

Watu wengi wakiishiwa na kitu husema kimekwisha, basi. Yeye alikuwa na ngazi yake. Dawa ikianza kushuka alisema imepungua. Boksi zikibaki chache kiasi cha kuonekana zote kwa mtupo mmoja wa jicho, alisema iko ukingoni, na hapo ndipo lilipotoka jina. Akianza kuchota kutoka boksi la mwisho, alisema tunakwangua. Baada ya hapo ikawa imekwisha.

Muuguzi wa wodi ya wazazi, mwanamke wa maneno mengi, ndiye aliyewafunda wageni namna ya kuishi na ngazi ile. "Akikwambia imepungua, jaza fomu leo, usingoje kesho," alikuwa akisema. "Akikwambia iko ukingoni, nenda mwenyewe, usitume mtu. Akikwambia imekwisha, hapo sasa ndipo kazi inapoanza. Usiondoke. Mlilie."

Na walimlilia kweli. Siku moja, mbele ya watu wawili waliokuwa kwenye foleni, mambo kati yake na muuguzi huyo yalikwenda hivi:

"Mama, glavu."

"Zimekwisha."

"Zimekwishaje, na nina mzazi kitandani saa hii?"

"Zimekwisha kama vitu vinavyokwisha."

"Mama yangu, nakuomba. Nipe boksi moja tu, nami nitakutafutia mchumba mwenye pensheni."

"Mchumba nitamweka wapi? Stoo yenyewe imejaa."

"Imejaa nini, kama kila kitu kimekwisha?"

Foleni ikaangua kicheko. Yeye mwenyewe akashindwa kujizuia, akainama nyuma ya pazia la maua, akatoka na boksi la glavu.

Hivyo ndivyo stoo ilivyoendeshwa. Hakuna aliyekuwa ameandika utaratibu huo popote, lakini kila mtu aliujua, hata daktari mkuu. Mtunza stoo alibana, wauguzi walisumbua, na yule aliyesumbua kwa haja ya kweli hakuondoka mikono mitupu. Mwenye shida alipimwa kwa jinsi alivyong'ang'ania.

Asiyemjua angesema ana mkono wa birika. Haikuwa uchoyo. Mwaka wake wa kwanza, wodi moja iliomba dripu asubuhi ili kujaza kabati lake tu, naye akatoa zote bila kuuliza. Mchana muuguzi wa dharura alikuja akikimbia, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Mtunza stoo alifungua rafu akaona chuma kitupu. Mgonjwa alipakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali nyingine, na yeye hakuwahi kuuliza alifika vipi. Jioni ile alinunua kitambaa cha maua.

Tangu hapo, cha mwisho cha kila kitu kilikwenda nyuma ya pazia kusubiri siku mbaya. Siku mbaya zilipokuja, pazia lilimpa heshima. Jiko lilipolipuka katika nyumba moja ya jirani na watoto wakaletwa wameungua, dawa ya kupaka ilitoka pale chini. Katika kikao cha wafanyakazi daktari mkuu alisema stoo ya hospitali haijawahi kuwaangusha, na watu wakampigia makofi. Alirudi nyumbani kichwa kimemvimba kidogo. Yeye mwenyewe ndiye anayesema hivyo sasa.

Muuguzi mpya wa macho alihamishiwa hapo mwaka jana. Ni mwanamke mtu mzima, wa rika lake, mpole, anayepanga miwani ya kujaribishia kwenye kisanduku chake kama anayepanga vijiko vya fedha. Alipewa chumba na ratiba, lakini hakupita mikononi mwa yule muuguzi wa wodi ya wazazi. Hakuna aliyemfunda.

Mara ya kwanza alikuja kidirishani na fomu iliyojazwa vizuri. "Dada, naomba matone ya presha ya jicho."

"Yamekwisha, dada."

Nyuma ya pazia palikuwa na katoni ya chupa ndogo nyeupe zenye vifuniko vya njano, utepe wake haujakatwa. Mtunza stoo alikuwa tayari ameshika ukingo wa kaunta, anangoja kuombwa.

"Haya, asante," alisema muuguzi wa macho. "Pole na kazi." Akaondoka.

Mtunza stoo alibaki pale akiutazama mgongo wake ukiishia kwenye korido. Aliona kama amedharauliwa kidogo. Mtu gani huyu, haombi hata mara ya pili? Kama wagonjwa wake wangekuwa na shida kweli, angerudi. Atarudi tu, alijisemea.

Muuguzi alirudi mwezi uliofuata na fomu nyingine. Aliuliza kwa sauti ile ile, akajibiwa kwa neno lile lile, akashukuru, akaenda zake. Miezi ikafuatana hivyo. Bohari kuu ilikuwa ikisema mzigo uko njiani, kama kawaida yake, na katoni ikabaki gizani nyuma ya maboksi mengine yaliyoendelea kusukumwa ndani.

Presha ya jicho haiumi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Inakula kuona kwa mtu kutoka pembeni kuja katikati, polepole, na kilicholiwa hakirudi. Matone hayaponyi, kazi yake ni kuizuia isiendelee kula. Kwa hiyo mgonjwa anayeyakosa hasikii chochote kikimwondoka.

Mmoja wa wagonjwa wa benchi la macho ni fundi viatu, aliyekuwa mume wa marehemu dada yake mtunza stoo. Anafanya kazi kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, na ni mtu wa mzaha. Yeye na shemeji yake hawajawahi kuonana bila kurushiana maneno, na msiba haukuuondoa utani wao, pengine uliuzidisha.

Jumapili moja alimletea shemeji yake mkoba aliokuwa ameutengeneza.

"Nimeushona kwa uzi wa katani," alisema akijitupa kwenye kiti. "Huu sasa utakuzidi umri."

"Mimi na wewe nani atatangulia?"

"Wewe. Wabahili hufa mapema, roho inachoka kubana." Alipokea kikombe cha chai, akanywa, akakitua. "Shemeji, kule kliniki tunaambiwa matone hakuna. Benchi zima. Nikasema ngoja nimuulize mwenye mali."

"Mali ya serikali, shemeji."

"Basi mwenye funguo."

Mtunza stoo alilitazama birika lililokuwa mezani. Katika miaka yake yote pale hajawahi kumchukulia ndugu hata kidonge kimoja cha kichwa, na alijua kwamba mlango huo ukifunguliwa kwa mmoja haufungiki tena. Tena, dawa ilikuwa ya benchi zima, si ya fundi viatu. Muuguzi akija kuomba ipasavyo wote watapata, naye shemeji humo humo. Aliwaza hata kumwambia: mwambie muuguzi wenu anibane. Neno hilo lilifika ulimini likarudi.

"Yamekwisha," alisema.

"Yamekwisha, au yamekwisha kwa shemeji?"

"Yamekwisha, shemeji. Yakija, wewe utakuwa wa kwanza kujua."

"Haya. Watu wana shemeji wa benki, mimi nimepewa wa stoo tupu." Akacheka, akamaliza chai yake, akaenda. Kwenye duka la dawa la mtaani matone yalikuwepo, lakini kwa bei isiyoshikika kwa fundi viatu.

Baadaye mtunza stoo alimpelekea kandambili zake za ngozi zishonwe. Zilirudi na mstari wa uzi uliotoka kwenye ukingo wa soli, ukaingia ndani, ukarudi tena nje.

"Shemeji, sindano yako imelewa?"

"Sindano haina neno. Kibaraza kimekuwa na giza siku hizi."

Kibaraza hakikuwa na giza. Kilikuwa pale pale, kikipigwa na jua lile lile. Mtunza stoo aliliona hilo, na anakiri kwamba aliliona. Alivaa kandambili zake akaenda.

Mzigo wa bohari kuu hatimaye ulifika. Alimwita muuguzi wa macho siku hiyo hiyo, akamkabidhi matone mapya bila mizengwe yoyote, na moyo wake ukatulia. Ya nyuma ya pazia hayakumjia akilini kabisa. Kilichoyatoa ni rangi. Uongozi uliamua kuta za stoo zipakwe upya, na mafundi wakataka rafu zote zivutwe katikati ya chumba. Akaanza na ile ya chini kushoto. Alitoa bandeji, akatoa sindano, akatoa maboksi ya glavu, na nyuma ya yote akaikuta katoni, imefunikwa vumbi jembamba.

Alifuta vumbi kwa kiganja. Akavaa miwani. Tarehe ya mwisho ya matumizi ilikuwa imepita mwezi uliotangulia.

Alikaa juu ya boksi la pamba. Fundi rangi alimuuliza kama anaumwa, akasema ni vumbi.

Dawa kupitwa na muda si ajabu katika stoo yoyote. Ipo kona yake yenye kisanduku chekundu, ina fomu yake, na mfamasia huikagua kabla haijachomwa. Lakini hii haikukaa kwa kukosa wagonjwa. Ilikuwepo siku zote ambazo benchi la macho liliambiwa haipo, na ingewatosha wote mpaka mzigo mpya. Aliiona kama dawa aliyoimwaga mwenyewe, chupa baada ya chupa, kwa kuketi tu juu yake.

Akafanya jambo ambalo sasa analisimulia akiwa ameinamisha uso. Aliitia katoni kwenye mfuko mweusi wa taka, akapita mlango wa nyuma, akaenda moja kwa moja kwenye tanuri la kuchomea taka.

Mchoma taka alikuwa ameegemea koleo lake. "Karibu, mama. Tanuri limeamka na njaa leo."

"Nimekuletea kidogo."

"Nini hiyo?"

"Takataka."

"Takataka za stoo huwa zinakuja na karatasi." Aliutazama mfuko, kisha akamtazama usoni, na sauti yake ikashuka. "Lakini wewe ni mama yetu. Uweke pale kwenye majivu, mimi nageuka kuangalia huku. Sijaona mtu."

Akageuka kweli. Alisimama akiwa amempa mgongo, akipiga mluzi, na mlango wa tanuri ukiwa wazi. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi mno, na wema wa mtu yule ulimchoma kuliko ambavyo tusi lingemchoma. Nafsi ilimsuta pale pale. Akaubeba mfuko wake akarudi alikotoka, na nyuma yake akasikia mluzi umekatika.

Muuguzi wa macho alikuwa peke yake chumbani, chini ya chati ya herufi. Mtunza stoo aliitoa katoni mfukoni akaiweka juu ya meza.

"Mengine tena?" muuguzi alisema, uso ukichangamka. "Yameletwa lini?"

"Hayajaletwa. Yalikuwepo."

Muuguzi aliigeuza katoni, akasoma tarehe. Uchangamfu ulimtoka. "Yalikuwepo tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza uliyokuja kidirishani."

"Dada, uliniambia yamekwisha."

"Nilijua utarudi. Wenzako wote hurudi. Husumbua, hunililia, nami natoa. Ndivyo tunavyofanya hapa."

"Nirudi kufanya nini?" Hakupaza sauti. "Umeniambia hakuna, nami nimeamini hakuna. Nimetoka hapo nimewaambia wagonjwa hakuna. Wengine wametoka mbali, nikawaambia warudi nyumbani wakangoje."

Kwa miaka yote mtunza stoo aliona kwamba asiyeng'ang'ania hana shida kubwa. Haikuwahi kumpitia kichwani kwamba mtu anaweza kuwa na shida kubwa na bado akaliamini neno aliloambiwa.

"Fundi viatu hali yake ikoje?" aliuliza mwishowe.

"Huyo ni nani wako?"

"Shemeji yangu."

Muuguzi aliisukuma katoni kando. "Muulize mwenyewe, mambo ya mgonjwa siyatoi mimi. Ninachoweza kukwambia ni cha wote: kilichokwenda kimekwenda. Kilichobaki ndicho tunachokilinda."

Kutoka pale alipitia kwa mfamasia, mkuu wake, akamweleza yote akiwa amesimama. Mfamasia hakupiga kelele. Alisema itabidi daktari mkuu aambiwe, kwamba hatua zitafuata, na kwamba kuanzia sasa kila kilichomo stoo kitajulikana na wodi zote. Mtunza stoo aliitika. Hayo alikuwa ameyategemea, na hayakumtisha kama njia ya kuelekea kibarazani.

Alimkuta shemeji yake ameinamia kiatu cha mwanafunzi, anatafuta ukingo wa soli kwa kidole gumba kabla ya kuchoma sindano. Alimjia kutoka kushoto. Fundi hakuinua kichwa. Alisogea mpaka karibu sana, na bado.

"Shemeji."

Fundi alishtuka, akageuza kichwa chote kumtafuta. "Ah! Mbona unaninyatia kama paka wa jirani? Kaa. Leo sina chai, wala sina biskuti za kibahili kama zako."

Hakukaa. Alijikaza kisabuni akasema yote mfululizo: katoni, pazia, muuguzi asiyerudi, tarehe iliyopita. Alieleza hata habari ya tanuri, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Fundi alikuwa amelaza kiatu mapajani. "Siku ile niliyokuletea mkoba. Yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

"Ukanitazama machoni ukaniambia yamekwisha."

"Nilitazama birika."

Alitoa kicheko kifupi kisicho na mzaha ndani yake. "Jicho la kushoto pembeni kote limekwenda. Juzi pikipiki nusura inibebe, nikamtukana mwenye pikipiki. Kumbe alikuwa kwenye njia yake." Akaisugua sindano kwenye suruali. "Ungeniambia yapo ila siwezi kukupa wewe, ningekuelewa. Ningekwenda kumwambia muuguzi. Ningekalia mlango wa stoo yako mpaka uchoke kuniona. Wewe unanijua, mimi kusumbua naweza."

"Najua."

"Hukunipa hata nafasi ya kukusumbua."

Mwenye duka alichungulia mlangoni, akaona nyuso zao, akarudi ndani.

"Sasa umekuja nikusamehe?"

"Sikuja kuomba hilo."

"Vizuri, maana leo nimeishiwa." Alikiinua kiatu, akakipapasa, akakosa mahali pa kuanzia, akakirudisha mapajani. "Pale kwenye benchi kuna mama muuza mboga. Kuna mwalimu mstaafu anayeletwa na mjukuu. Kuna dereva ambaye hataki watu kazini wajue. Wote tuliambiwa hakuna, tukaondoka kwa adabu. Mimi umenifuata kwa sababu ni mume wa dada yako?"

Mtunza stoo alikitazama kiatu cha mwanafunzi.

"Kawaambie na wao."

"Wakinitukana?"

"Watakutukana," alisema fundi. "Wana haki." Hakumwita shemeji, na hii ilikuwa mara ya kwanza kwa muda wote waliojuana. Alirudi kwenye kiatu chake, akaanza tena kutafuta ukingo wa soli kwa kidole gumba.

Mtunza stoo amekwisha kuzungumza na mfamasia na muuguzi wa macho, nao wamekubali. Kliniki ya macho iko Alhamisi, na wagonjwa huanza kukaa kwenye benchi kabla mlango haujafunguliwa. Atafika mapema, atasimama mbele yao, na atawaambia kwamba dawa ilikuwepo na kwamba ni yeye aliyesema imekwisha. Fundi viatu atakuwa miongoni mwao. Ni siku yake ya kupimwa.